Wifi Yangu na Babu wa Peru

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Herufi zangu hazikai kwenye mstari, nyingine zinapanda, nyingine zinashuka, na kuna maneno nimeyaandika jinsi ninavyoyasikia tu, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwuliza bila kuchekwa. Nilisoma Tanga mpaka darasa la saba, basi. Ukurasa mmoja unanimalizia jioni nzima. Lakini jambo lenyewe limenikaa kifuani tangu majira yale ya baridi ambayo umeme ulikuwa ukikatika kila mara hapa Birmingham, na kulisema kwa mdomo siwezi. Watu wakizidi wawili, ulimi wangu unalala.

Jambo lenyewe ni wivu. Nilimwonea wivu wifi yangu, mke wa kaka yangu, na sababu ilikuwa vyungu.

Kaka alitangulia kuja Uingereza. Alipata kazi katika kiwanda cha vyuma, akapanga vyumba viwili Handsworth, hatua chache kutoka Soho Road, kisha akaniita mimi nije nimpikie. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Kupika kwa mtu mmoja hakumalizi siku, nikatafutiwa kazi ya usafi katika nyumba moja kule Sutton Coldfield. Nilikuwa napanda basi mpaka mjini, kisha la pili linalopita Erdington, na kadiri basi lile lilivyokwenda ndivyo nyumba zilivyoachana, mpaka unafika mahali ambapo kila nyumba ina miti yake na ukimya wake. Ukimya ule niliupenda tangu siku ya kwanza.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kizungu, mtu mzima sana, mrefu, mwenye fimbo. Nilimwita Madam. Marehemu mumewe alijenga reli nchini Peru siku za ujana wake, akarudi na masanduku ya vyungu vya watu wa kale, watu walioishi kule chini ya milima ya Andes kabla Wazungu hawajajua kama kuna nchi hiyo. Vilikuwa vimetolewa makaburini. Mume alipokufa, Madam akaendelea kuvikusanya mwenyewe, akinunua hapa na kubadilishana pale na wakusanyaji wenzake, mpaka vikajaa chumba kizima cha chini, kile kinachotazama bustani.

Nilipofunguliwa chumba kile mara ya kwanza nilisahau ndoo mkononi. Nilizoea chungu kuwa chungu: cha wali, cha mchuzi, cha maji. Hivi vilikuwa watu. Mwanamke amembeba mtoto mgongoni kwa kitambaa, hivyo hivyo kama kwetu. Kipofu amekaa chini amekunja miguu. Bata. Bunzi la hindi lenye uso. Na juu ya kila kimoja pana mpini uliopinda kama wa ndoo, ila mpini wenyewe ni mtupu ndani kama bomba, na katikati yake ndipo penye mdomo wa kumiminia maji. Kulikuwa na vyungu viwili vilivyoungana ubavu kwa ubavu. Ukitia maji na kuviinamisha, vinapiga mluzi vyenyewe.

Kilichonishika mimi kilikuwa kichwa. Kichwa cha mwanamume, rangi nyekundu na rangi ya maziwa, amefunga kilemba, ana vipuli vinene masikioni na kovu juu ya mdomo. Macho yake yalikuwa ya mtu anayejua jambo na ameamua kunyamaza. Niseme kweli, nilimwona ndugu yangu. Kila nilipoingia kufuta vumbi nilimwamkia moyoni, shikamoo babu, kisha nikaendelea na kazi.

Madam alinifundisha mwenyewe namna ya kuvishika: mikono miwili, mmoja chini ya kitako, wala usithubutu kushika mpini. Kufuta ni kwa brashi laini ya kupakia poda, kamwe si kwa kitambaa cha maji. Alikuwa akisimama mlangoni akinitazama, halafu akaacha kusimama. Nikajua ameniamini. Hakuna kitu nilichopata hapa Uingereza kilichonifurahisha kama mgongo wa Madam ukiondoka mlangoni.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kabla ya wifi.

Kaka alioa Mombasa. Harusi ilifanyika kule bila mimi, na bibi harusi akateremka hapa katikati ya baridi, amevaa koti la kuazima na leso mbili juu yake, anacheka. Sijapata kuona mtu anacheka na baridi. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko changu, lakini yeye hakujali, alikitupa tu kama mtu anayewarushia kuku mtama. Wiki haikuisha alikuwa anajulikana na dereva wa basi, na Singasinga mwenye duka la viungo, na mama wa Jamaica wa nyumba ya pili ambaye mimi nilikuwa nikimpita nimeinamisha kichwa tangu nifike.

Madam aliposikia nina wifi akasema nyumba ni kubwa, aje tusaidiane. Mimi ndiye niliyempeleka. Nilimwonyesha jiko, ngazi, mahali pa ndoo. Chumba cha vyungu nilikiacha mwisho, na moyoni nilikuwa naomba asikipende.

Alisimama katikati ya chumba akazunguka polepole.

"Bismillahi," akasema. "Wifi, hawa wote ni watu?"

"Vyungu. Vya Peru."

"Sioni chungu hapa." Akaenda moja kwa moja kwa yule wangu mwenye kovu, akapiga goti kidogo kama tunavyofanya mbele ya wakubwa, akasema kwa sauti, "Shikamoo babu! Habari ya siku nyingi?"

Madam alikuwa mlangoni. Akauliza wifi amesema nini. Wifi akamweleza kwa Kiingereza chake cha vipande, mikono ikifanya nusu ya maneno: kwetu mtu mzima humpiti hivi hivi, unamwamkia. Madam akacheka mpaka akaegemea fimbo. Akataka afundishwe na yeye. "Shikamoo babu," akasema Madam, akakiinamia kichwa chake cha udongo, na tangu siku hiyo kila mgeni aliyekuja kutazama vyungu alifundishwa kusema shikamoo babu, na wote walicheka, na wote walimtazama wifi.

Nami nilikuwa nimemwamkia mwaka mzima! Nilimwamkia kwa adabu, bila kelele. Nani aliyejua? Nilikasirika jikoni, nikasugua sufuria ambayo haikuwa chafu.

Basi ikawa hivyo. Vile vyungu viwili vya mluzi, mimi sikuwahi kuvitia maji. Sikuomba, na nani angenipa bila kuomba. Wifi aliomba siku ile ile aliyovijua. Akajaza, akainamisha huku na huku, vikalia kama ndege, na wao wawili wakapiga makofi. Mimi nilikuwa juu kwenye ngazi na brashi yangu. Nilisikia mluzi ule ukipanda na kushuka, nikaona kama unanizomea.

Jioni mezani wifi alimsimulia kaka kila kitu, mdomo umejaa mihogo.

"Yaani," kaka akasema, "Wazungu wanaweka chungu kabatini, halafu chakula wanapikia bati?"

"Si vyungu vya kupikia hivyo, mume wangu. Ni babu zao watu wa Peru."

"Na huyu mbona amenuna?" Alininyooshea kijiko.

"Wifi?" Alinitazama na macho yake yanayometa. "Wifi aniona gere. Ataka babu amwangalie yeye peke yake."

"Sioni gere," nikasema.

"Haya, na hiyo midomo ni ya nini? Hata yule bata wa udongo hana midomo kama hiyo."

Kaka alicheka akakohoa. "Nyinyi wawili mnagombania vyungu! Tanga huyu alikuwa akivivunja kisimani, mama anapiga kelele mtaa mzima unasikia."

Nilicheka nao. Ingekuwa afadhali kama wifi angekuwa mtu mbaya. Alikuwa akinikanda mabega nikirudi na baridi, akinichanulia nywele, akinibakizia minofu. Nilimpenda, na huku nampenda nilitamani apate mafua ya wiki nzima ili niende Sutton peke yangu.

Siku moja Madam alituketisha sote jikoni. Alisema macho yake yanakwisha. Hawezi tena kujua kama chungu kimefutwa au hakijafutwa, wala kama mpini una ufa. Anataka mmoja wetu apewe ufunguo wa chumba kile, kiwe chake: akitunze, akipange, awafungulie wageni, amsomee vibandiko vilivyobandikwa chini ya vitako. Huyo hatagusa kazi nyingine yoyote. Mwingine atabaki na ngazi, jiko na vyumba vya juu.

"Wageni wanakuja Jumamosi," akasema. "Nitasema wakishaondoka."

Aliongeza kwamba miongoni mwao atakuwamo bwana mmoja mkusanyaji kutoka London, na kwamba bwana huyo anakuja kuchukua kile kichwa. Ameshamkubalia. Bwana atampa vyungu viwili vya aina ambayo Madam hana, naye atakwenda na kichwa. Alipolisema hilo aliangalia fimbo yake.

Kwa hiyo babu alikuwa anaondoka. Liliniuma, lakini, Mungu anisamehe, ufunguo ndio uliochukua nafasi kubwa. Mchana nilifikiri ufunguo na jioni nilifikiri ufunguo. Nilijua kuvishika vile vitu kuliko wifi. Yeye mara mbili nilimwona akimshika yule kipofu kwa mpini kama anachukua ndoo. Kusoma vibandiko, nilisoma vizuri kumpita. Nikajiambia, Madam ni mtu wa akili, atatazama kazi.

Jumamosi ile ilikuwa baridi ya kukata masikio, na gazeti lilitangaza kwamba mchana umeme utakatwa upande ule. Asubuhi niliviweka vyungu vyote mahali pake, nikavigeuza nyuso kuelekea dirishani ili wageni wapate mwanga. Kisha Madam akanituma dukani nikachukue keki alizoagiza. Foleni ilikuwa ndefu kwa sababu usiku umeme ulikatika upande wa dukani, oveni zikazimwa na mikate ikachelewa.

Niliporudi, harufu ilinipokea getini.

Ilikuwa ubani. Ubani wenyewe wa kwetu, ule wa siku ya harusi na siku ya msiba. Niliona uso wa mama, niliona ua wetu umefagiwa, nikasimama pale kwenye kokoto na keki za watu mikononi.

Wifi alikuwa chumba cha vyungu, amejifunga leso kiunoni. Alitoa kaa la kuni katika meko ya Madam, akaliweka kwenye kopo la bati, akatia ubani aliokuwa ameununua Soho Road kwa yule Singasinga. Babu alikuwa mikononi mwake, kichwa chini, mdomo wa mpini umeelekezwa kwenye moshi. Wengine walikwisha kufukizwa, mmoja mmoja, dirisha likiwa wazi moshi utoke bustanini, na Madam bado yuko juu akivaa.

"Wifi, hawa walikuwa wananuka udongo," akaniambia. "Unaingiza pua ndani, kaburi tupu. Mgeni aja atoka London, umkaribishe na harufu ya kaburi? Nyumbani mtungi wa maji wafukizwa, nguo zafukizwa, hata mlango wafukizwa. Na huyu maskini ya Mungu, wamemtoa kaburini hawakumtilia hata chembe ya ubani. Sasa aenda safari, aende ananukia."

Mlidhani nilimkataza? Sikumkataza. Nilimtazama na nikaona vibaya mno kwamba fikra ile haikunijia mimi. Mama yangu alifukiza mtungi kila alipotegemea wageni, nami ndiye niliyempepea kaa. Mwaka mzima na zaidi nilifuta vumbi tu. Nikajua ufunguo umekwenda. Wageni watanusa, watasifu, Madam atauliza nani, na wifi atacheka.

Wageni walikuja mchana, wanne au watano, na haikupita muda taa zikazimika. Hakuna aliyejali, walivisogelea vyungu dirishani na makoti yao mwilini. Walisema shikamoo babu kama ilivyo ada, wakacheka. Bwana wa London hakucheka. Alikuwa mtu mfupi mwenye vidole safi sana. Alikitazama kichwa mbele, nyuma, chini ya kitako. Akasema mwanga hautoshi, jicho linaweza kudanganywa, lakini pua haidanganywi. Akaomba maji kidogo.

Ndipo nilipojua jambo ambalo sisi wawili hatukulijua. Wakusanyaji hawa wanatia matone ya maji ndani ya chungu, kisha wananusa. Udongo uliolala kaburini miaka mingi sana ukipata maji unatoa harufu yake, harufu ya ardhi iliyofungwa, na cha bandia hakina. Ile harufu wifi aliyoionea haya, hiyo ndiyo waliyokuwa wakiitafuta!

Bwana yule alitia maji, akafumba macho, akaweka pua kwenye mdomo wa mpini. Akafumbua macho. Akanusa tena.

"Kinanuka kanisa," akasema.

Wakanusa wenzake, mmoja baada ya mmoja. Yule bwana alipitisha kidole ndani ya mdomo wa mpini, kikatoka na masizi. Akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba wanaotengeneza vya bandia huvifukiza moshi ili vionekane vya kale. Hasemi kwamba Madam anadanganya. Anasema tu hawezi kuchukua kitu ambacho hana hakika nacho.

Madam alisimama wima kwenye fimbo yake. "Nani amefanya hivi?"

Moyo wangu ulikuwa unapiga ngoma, na ngoma yenyewe ilikuwa ya furaha. Niseme nini, ilikuwa ya furaha. Ufunguo ulikuwa unarudi kwangu kwa miguu yake wenyewe.

"Mimi, Madam," wifi akasema. Hakuwa anacheka tena. "Kwa wageni. Kwetu mgeni anafukiziwa. Na kwa huyu babu, kwa sababu amekufa."

Bwana wa London alivaa glavu zake. Walikunywa chai ya haraka iliyochemshwa kwenye meko, wakaondoka na keki nusu zikabaki, na vile vyungu viwili vya kubadilishana vikarudi London ndani ya sanduku lake.

Gari lilipotoka getini Madam alikwenda chumba kile, sisi nyuma yake. Alikaa kitini mbele ya kichwa. Nilimtazama wifi, nikajiandaa kumwonea huruma, huruma ya mtu aliyeshinda, ambayo ni tamu.

Madam akaanza kucheka. Kisha nikaona halikuwa cheko tupu, alikuwa anafuta macho.

"Sikutaka aondoke," akasema. "Mume wangu alimbeba mapajani katika treni, safari nzima mpaka baharini. Nilimpa yule bwana neno langu, na neno langu siwezi kulirudisha. Nimeshindwa kulala." Akamshika wifi mkono. "Wewe umenirudishia."

Akatoa ufunguo mfukoni mwa sweta, akauweka katika kiganja cha wifi, akakifunga kile kiganja kwa mikono yake miwili.

Halafu akanigeukia mimi. Alinitazama kwa wema, na wema huo sijaumaliza mpaka leo. "Na wewe," akasema, "hujawahi kukosea kitu hata siku moja. Nyumba hii bila wewe nitafanyaje?"

Kwenye basi wifi alikaa dirishani, ufunguo ameufunga pembeni mwa leso chini ya koti. Mji ulikuwa na giza upande mmoja na taa upande mwingine, kwa zamu. Tulipopita Erdington akanigusa goti.

"Wifi. Kesho kutwa nikifungua, twaingia sote. Chumba ni chetu."

"Sitaki."

"Wewe wavijua kunishinda. Mimi hata kuvishika sijui, wasema mwenyewe."

"Amekupa wewe."

"Kanipa kwa makosa! Wanionea gere mpaka makosa yangu?"

Na ndivyo hasa. Watu wanaonea wenzao wivu kwa uzuri au kwa bahati. Mimi namwonea wifi kosa lake. Alikosea kwa kitu nilichokijua tangu utotoni, kilichokuwa changu kama kilivyokuwa chake, na mimi nilibaki na usahihi wangu na brashi.

Mpaka ninapoandika haya bado tunakwenda Sutton pamoja. Mimi nina ngazi na jiko. Wifi akishafungua anauacha mlango wazi makusudi, na anaanza kuuliza kwa sauti ili nisikie: huyu mwenye mtoto anakaa wapi, na kibandiko hiki kimeandikwaje. Namjibu kutoka kwenye ngazi. Jana aliita, "Wifi, babu akuuliza, wamkataa kwa nini?" Madam naye alicheka huko kitini. Nilisimama kizingitini na ndoo, mguu mmoja ukawa karibu kuvuka, kisha nikakumbuka kile kiganja kikifungwa, nikarudi juu.

Sijui mtu anaingiaje katika chumba alichokitaka sana baada ya kupewa mwingine. Nikiingia, nitakuwa mgeni wake. Nisipoingia, nitazeeka kwenye ngazi nikisikiliza. Kaka nimeshindwa kumwuliza, atacheka. Basi nawauliza nyinyi ambao hamnijui na sitaona nyuso zenu. Kama yupo miongoni mwenu aliyewahi kumpenda mtu wa nyumbani kwake na kumwonea wivu huku anampenda, tafadhali aniandikie aniambie alifanyaje. Hata mistari miwili inatosha. Niambieni niingie au nisiingie.